Shaba ya Kinoo, Sehemu ya Sita: Nguzo Zilizonyooka

Kwa msomaji anayetufikia leo: naitwa Dedan Mungai, daktari wa metali, si wa watu. Kwa wiki tano nimekuwa nikikiri makosa yangu katika ukurasa huu. Nimeeleza jinsi nilivyofutwa kazi katika ofisi ya utafiti ya Hurlingham kwa kukataa kuondoa ukurasa mmoja, ukurasa wa thelathini na moja, katika ripoti yangu kuhusu mwelekeo wa uyeyushaji wa shaba kuukuu nchini.

Nimeeleza pia jinsi rejeta ya gari langu ilivyoibwa, nikaikuta Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, katika yadi ya vyuma kuukuu ya Waithera Kibe. Waithera alikuwa amekataa kuinunua kwa sababu muuzaji hakuwa na kitambulisho. Muuzaji alitoroka, rejeta ikabaki. Mimi pia nikabaki. Yadi ilikuwa na tanuri dogo la shaba, nami sikuwa na kazi.

Wiki iliyopita niliwaacha tukiwa tumetuma sampuli kwa Tamba, kiwanda cha nyaya za umeme, na simu yangu ikilia.

Aliyepiga ni Anita Odhiambo, mhandisi anayeinunulia Tamba malighafi.

"Daktari Mungai, umeketi?"

"Nimesimama."

"Basi keti. Tisini na mbili."

Niliketi juu ya gunia la nyaya.

Kipimo hicho ni rahisi kukieleza. Shaba safi hupitisha umeme kwa kiwango tunachokihesabu kuwa mia. Tamba hawapokei chini ya tisini na saba. Mwezi mmoja kabla, fundi wetu Wesonga akiyeyusha peke yake, bila mimi, bila karatasi, tulipata tisini na tisa. Sampuli hii ya tisini na mbili ndiyo ya kwanza kuyeyushwa kwa utaratibu wangu ulioandikwa.

Ukweli huo niliuona mara moja. Sikuupenda.

"Ni nini?" Waithera aliuliza akitoka ofisini na kikombe cha chai.

"Tisini na mbili."

"Kati ya ngapi?"

"Mama Ciru, tumeanguka," nilimwambia, kwa jina ambalo yadi nzima humwita.

Waithera hakupiga kelele. Aliweka kikombe juu ya mizani, akatazama ukuta wa nyuma wa yadi yake. Ng'ambo ya ukuta huo shemeji zake walikuwa wamekwisha kumwaga kokoto. Walitaka kubomoa tanuri na kujenga nyumba za kupangisha, vyumba arobaini, juu ya ploti aliyoachiwa na marehemu mumewe. Familia ilikuwa imempa mpaka mwisho wa mwezi: ama apate mkataba wa Tamba, ama tanuri liondoke.

"Mimi nilivumilia ile miezi ya elfu mbili ishirini na mbili biashara ya skrap ilipofungwa nchi nzima," alisema. "Nilifuga kuku humu ndani ya tanuri. Kuku, Daktari! Walitaga vizuri sana. Sikufunga. Sasa nifunge kwa sababu ya namba?"

"Namba hiyo ina sababu," nilisema. "Nitaitafuta."

"Itafute haraka."

Nilianza na skrap, ile shaba kuukuu tuliyoyeyusha. Nilichambua mabaki ya magunia yote tuliyotumia: nyaya za nyumba, vipande vya injini za lifti, mabomba ya friji. Hapakuwa na kitu kigeni. Nilipima tanuri. Nilipima mkaa. Nilipima hata maji ya kupozea vyuma.

Wesonga alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila mahindi ya kuchoma na kunitazama. Ni mtu wa miaka hamsini na minane, mtulivu, mwenye kope zilizoungua mara nyingi hadi zikakata tamaa ya kuota. Alijifunza shaba katika karakana moja ya Industrial Area iliyokufa zamani.

"Daktari," alisema, "bado unatafuta?"

"Bado."

"Hukuniuliza mimi."

"Nitakuuliza nikimaliza kupima."

"Sawa. Mahindi ni mengi."

Niliendelea kwa saa mbili. Kisha nikaenda nikasimama mbele ya ndoo yake.

"Haya, Mzee Wesonga. Nakuuliza."

"Unakumbuka siku ile tulipokoroga, nikakuuliza nani anakaanga kitunguu saumu?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemjibu kwamba jikoni ni mbali, na kwamba harufu si data.

"Hakuna mtu alikuwa anakaanga," alisema Wesonga. "Nilienda kuangalia. Mama Ciru alikuwa anapika githeri tu, mahindi na maharagwe. Hiyo harufu ilitoka kwa tanuri."

Msomaji asiyesoma kemia hana kosa. Mimi nimeisoma kwa miaka tisa. Kuna elementi moja ambayo moshi wake hunuka kitunguu saumu, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huijua. Ni aseniki. Sumu.

Nikageuka kutazama zile nguzo nilizokuwa nimenunua za kukorogea.

Hapa ndipo kiini cha ungamo langu la leo.

Shaba ikiyeyuka hunywa hewa. Ili kuiondoa hewa hiyo, fundi huzamisha ndani yake gogo la mti mbichi. Utomvu huchemka, mvuke hupanda, shaba hutokota na kujisafisha. Wesonga hutumia mkaratusi kutoka mpakani mwa shamba la Waithera, anaoukata asubuhi ya siku ile ile, na gome lake. Miti yake imepinda. Mmoja mnene kama paja, mwingine mwembamba kama mkono.

Mimi nilikuwa naandika utaratibu wa kuonyesha Tamba. Utaratibu lazima urudiwe sawasawa kila siku. Utaandikaje "mti uliopinda kiasi"? Niliandika: unene sentimita kumi, urefu mita tatu, unyevu asilimia arobaini. Kisha nikaenda Karen, kwa muuzaji wa nguzo za ua, nikamweleza ninachotaka.

"Boss, hizi ndizo zako," aliniambia. "Mkaratusi tupu. Zimenyooka kama rula. Na ni freshi, zimeshushwa leo asubuhi."

Nilitoa kifaa changu cha unyevu, nikakidunga kwenye nguzo ya kwanza. Arobaini na moja. Ya pili, arobaini. Niliridhika mno. Nilichukua kumi na mbili.

Sasa, kila mtu wa Karen mwenye ua anajua kwa nini nguzo hizo haziliwi na mchwa. Zimetiwa dawa. Dawa hiyo ina aseniki, na hizo zilikuwa zimetoka kwenye tangi la dawa siku mbili tu kabla. Nilipima unyevu. Sikuuliza ni unyevu wa nini.

"Wesonga," nilisema, "nguzo zangu zina sumu."

"Zile za rula?"

"Hizo."

Alitafuna polepole, akameza.

"Na mti wangu uliopinda?"

"Hauna."

"Basi," alisema, akanivunjia nusu ya hindi. "Kula, Daktari. Umepata sababu."

Waithera aliposikia, alicheka hadi akashika mizani ili asianguke. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Ngoja. Sumu? Sisi tulikuwa hapo!"

Alikuwa na haki. Mchana ule ule tulikwenda hospitali sote watatu tukapimwa. Tulikuwa nje, upepo ukipeleka moshi upande mwingine, na tulitumia nguzo mbili tu. Majibu yalirudi safi. Nguzo kumi zilizobaki nilizirudisha Karen, na majivu ya zile mbili yalifungwa kwenye pipa na kuchukuliwa na watu wenye leseni ya taka za sumu. Shaba yenyewe bado iko kwenye kona ya yadi. Inaweza kusafishwa kwa magadi, na nitaisafisha mimi, kwa mikono yangu. Hiyo ndiyo hukumu aliyonipa Waithera.

Ilibaki Tamba.

"Utamwambia huyo Anita nini?" Waithera aliuliza asubuhi iliyofuata, tukielekea mjini. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani.

"Ukweli."

"Ukweli upi? Sema skrap ilikuwa chafu. Kila mtu anajua skrap huwa chafu."

"Skrap ilikuwa safi."

"Daktari, wewe ulipoteza kazi kwa kusema ukweli. Hujashiba?"

Niligundua kwamba swali hilo halikuwa la kejeli.

Ofisi ya Anita iko ghorofa ya saba, Mtaa wa Kimathi. Ni mwanamke mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni. Nilimweleza yote kwa mpangilio: unene, urefu, unyevu, Karen, kitunguu saumu. Sikuacha kitu. Waithera alikuwa ameziba macho kwa mkoba wake.

Anita alinisikiliza hadi mwisho.

"Nielewe vizuri," alisema. "Daktari wa metali amekoroga shaba kwa dawa ya mchwa."

"Ndiyo."

"Kwa sababu posti zilikuwa zimenyooka."

"Na zilikuwa za saizi moja."

Anita alijaribu kujizuia. Mabega yake yalianza kutikisika. Waithera alichungulia juu ya mkoba, akamwona, naye akaanza upya. Walicheka wanawake wale wawili hadi karani akafungua mlango kuuliza kama kuna shida.

"Hakuna shida," Anita alisema akijifuta macho. "Huyu ni sapulaya wa kwanza mwaka huu kuniambia kosa ni lake. Wengine wote, kosa ni la stima."

Kisha akawa mhandisi tena. Alitandaza karatasi mezani.

"Daktari, ripoti yako niliisoma. Pikipiki za umeme zinaongezeka, sola iko kila paa, mainjinia wanaitisha waya kila siku. Skrap hairuhusiwi kutoka nchini, kwa hivyo shaba iko hapa. Bado sisi tunaagiza fito za shaba kutoka ng'ambo, zinakaa bandarini, zinafika zimechelewa. Nataka fito za hapa. Lakini siwezi kupeleka tisini na mbili kwa wakubwa wangu."

"Tupe nafasi moja," nilisema.

"Alhamisi. Nitakuja Kinoo na mashine yangu ya kupimia. Nitaleta skrap yangu mwenyewe. Na nina sharti moja."

"Lipi?"

"Wewe usiguse kitu."

Waithera alisema "Amina" kabla sijafungua mdomo.

Alhamisi Anita alifika saa tatu kamili. Wesonga alikuwa amekwisha kukata mti wake. Ulikuwa umepinda mara mbili, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda.

"Huo ndio mti?" Anita aliuliza.

"Ndio huo, madam."

"Una unyevu gani?"

Wesonga aliukwaruza gome kwa ukucha, akanusa ukucha wake.

"Wa kutosha."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa chaki ambao Waithera alikuwa amenichorea sakafuni. Nilikuwa na saa, daftari, na kipimajoto cha mbali. Kushika daftari hakukuwa kumekatazwa.

Shaba iliyeyuka, uchafu ukaondolewa juu kwa mwiko mrefu. Wesonga akashika mti kwa makoleo, akauzamisha. Tanuri likanguruma, miale ya kijani ikaruka, Anita akarudi hatua mbili. Na Wesonga akaanza kuimba.

Ni pambio la kwaya ya kanisa lao. Huliimba kila akikoroga. Mwezi mzima nilidhani ni furaha tu. Siku hiyo, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nilipima. Pambio la kwanza sekunde arobaini na mbili. La pili arobaini na mbili. La tano arobaini na tatu. Baada ya la tisa alitulia, akachota shaba kidogo kwa kikombe cha chuma, akaiacha igande, akatazama uso wa shaba hiyo. Ulikuwa umebonyea katikati.

"Bado," alisema, akaanza la kumi.

"Anaimba hadi lini?" Anita alininong'oneza.

"Hadi uso wa kikombe uwe sawa. Ukibonyea, hewa bado imo. Ukivimba, amepitisha. Ukiwa bapa, ni tayari."

"Hilo uliliandika kwenye utaratibu wako?"

"Hapana," nilikiri. "Niliandika dakika nane."

Alinitazama kama mtu anayesoma kosa la hesabu, lakini kwa upole.

Baada ya pambio la kumi na mbili Wesonga alichota tena. Tuliinama sote. Waithera alinisukuma, nikavuka mstari wa chaki, hakuna aliyejali. Uso wa shaba ulikuwa bapa, wa rangi ya waridi, kama sarafu ambayo haijachapwa.

"Mimina," Wesonga alisema.

Ilipopoa, Anita alikata kipande, akakisugua, akaweka mashine yake juu. Alipima mara tatu katika sehemu tatu. Alipima mara ya nne bila sababu yoyote ya kisayansi.

"Tisini na tisa nukta nne," alisema.

Sina mazoea ya kushangilia. Nitaandika tu kwamba Waithera alinikumbatia, kofia yake ikaanguka ndani ya ndoo ya maji, naye hakuiokota. Wesonga aliomba maji ya kunywa. Ng'ambo ya ukuta, shemeji mmoja alipanda juu ya kokoto zake kuona kuna nini.

"Shemeji!" Waithera alimwita. "Hizo kokoto tafuta mahali pengine! Au nikununulie kuku?"

Tukaketi ofisini. Chai ikaja, na mandazi. Anita akatoa folda kwenye begi, akaiweka mezani, akaweka mkono juu yake.

"Sitawaficha," alisema. "Leo nilikuja na karatasi mbili. Ya kwanza ni mkataba. Fito za shaba, mwaka mzima, kutoka hapa."

Waithera alinyoosha mkono.

"Ngoja, mama. Ya pili." Aligeuka kwa Wesonga. "Tamba tunajenga tanuri letu wenyewe, kule kiwandani. Kubwa mara kumi ya hili. Tuna mashine, hatuna mtu. Mzee, hii ni ajira. Mshahara wa kudumu, bima ya familia, pensheni, na wanafunzi sita wa kufundisha. Ukikubali, hatutahitaji kununua nje. Ukikataa, tunanunua hapa. Wakubwa wangu watatia sahihi karatasi moja tu, na wanataka jibu leo."

Hakuna aliyegusa mandazi.

Wesonga aliisoma karatasi ya pili taratibu, kidole chini ya kila mstari. Alifika penye neno bima, kidole kikasimama. Alikuwa hajawahi kuwa na bima. Wala mkataba. Si kwa Waithera, wala kwa yeyote katika miaka thelathini na tatu ya shaba.

Waithera alikuwa amekunja mikono mapajani. Ninamheshimu kwa sababu hakusema neno la kumzuia.

"Mimi sijui," Wesonga alisema mwishowe. "Wacha nimpigie Naliaka."

Alimpigia mkewe. Alimweleza kwa lugha yao, akisimama, akizunguka mizani. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akaninyooshea simu.

"Anakutaka wewe."

"Mimi? Kwa nini?"

"Anasema wewe ndiye yule hudanganyi hata ukilipwa."

Niliweka simu sikioni.

"Mulembe, Daktari," Naliaka alinisalimu kwa lugha yao. Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa, kikohozi kirefu cha mtoto au cha mzee, sikuweza kutambua. "Wesonga ameniambia vile ulisema juu ya posti zako, mbele ya watu. Kwa hivyo wewe nitakuamini. Kitu moja tu nauliza. Mzee wangu aende, ama akae?"

Nilimtazama Waithera. Alikuwa ananitazama pia, na kofia yake ilikuwa bado ndani ya ndoo.

Jibu nilikuwa nalo. Nililiandika mwenyewe, Hurlingham, mwaka jana, na nikafutwa kwa kukataa kulifuta. Ukurasa wa thelathini na moja, aya ya pili: "Udhaifu mkubwa wa matanuri madogo si bei wala marufuku. Ni kwamba ujuzi wote umo kichwani mwa mtu mmoja asiye na mkataba. Siku kiwanda kikubwa kitakapompa mtu huyo mkataba na wanafunzi, aende."

"Daktari?" Naliaka alisema. "Bado uko?"

"Nipo," nilisema.